Mheshimiwa Aliyekataa Kutoka Mwaka 1877

Tharcisse Kabange amewahi kufa mara tisa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012, katika mchezo kuhusu mirathi, na alikufa vizuri kiasi kwamba mama mmoja wa safu ya mbele alipanda jukwaani kumfumba macho. Tangu siku hiyo, kikundi cha maigizo cha Wakatanga, watu wa kusini mwa Kongo waliohamia Laken mjini Brussels, kikihitaji marehemu, jina lake hutajwa kabla hajaulizwa kama ana nafasi. Hadithi isipokuwa na msiba, hupewa kuwa mlinzi wa geti, au mgonjwa aliyepoteza fahamu, au babu aliyesinzia kitini. Kwa miaka kumi na mitatu ya sanaa ametoa sauti jukwaani mara moja tu, nayo ilikuwa kikohozi, akiwa ndani ya jeneza.

Nje ya jukwaa hanyamazi. Ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kusukuma vitanda katika hospitali kubwa ya Jette, kutoka wodini hadi chumba cha picha na kurudi. Njiani huongea. Huongea Kifaransa na anayejua Kifaransa, Kiflemi cha kuokoteza na vikongwe wa Kiflemi, na kwa mgonjwa aliyelala huongea Kiswahili, kwa kuwa, anasema, mtu aliyelala hana lugha. Kufikia lifti ya pili mgonjwa anajua majina ya dada zake wote sita, na sababu ya yule wa nne kuachana na mumewe kule kwao Likasi. Wauguzi husema wagonjwa wa Tharcisse hawaogopi upasuaji. Wanachoomba tu ni kuchomwa sindano ya usingizi mapema.

Hiyo ndiyo sababu Maman Yolande, kiongozi wa kikundi, alikuwa akimuua karibu kila mwaka. Ili mtu aelewe hofu yake, lazima ajue jinsi Wakatanga wanavyoigiza. Hawaandiki maneno. Wanakaa, wanapatana juu ya mifupa ya hadithi: nani anaingia, nani anamdanganya nani, inaishaje. Nyama kila mwigizaji anaipata mwenyewe, hapo hapo, mbele ya watu, na watazamaji nao wanajibu, wanazomea, wanatoa ushauri. Na kuna sheria moja inayoheshimiwa kuliko amri za kanisa: mwigizaji akishaanza kusema, hakuna wa kumkata kutoka nje ya hadithi. Hawezi kuitwa nyuma ya pazia. Hawezi kuzimiwa taa. Anayeweza kumnyamazisha ni mhusika mwingine tu, kwa maneno ya mhusika huyo. Sasa mpe sheria hiyo mtu kama Tharcisse, uone kama utawahi tramu ya mwisho.

Mwaka huu manispaa iliandaa siku ya kukumbuka utumwa wa Wamarekani weusi, na ikaalika vikundi vya wahamiaji kugawana historia. Wahaiti walifika kwanza, wakachukua utumwa wenyewe. Watu wa Gine wakachukua uasi, kwa sababu wana ngoma. Maman Yolande, ambaye huhudumia wazee katika nyumba yao ya kulelea na hawezi kuondoka kabla hawajala, alifika mkutanoni amechelewa, akakuta kimebaki kipande kimoja ambacho hakuna aliyekitaka, kwa sababu hakuna aliyejua kulitokea nini. Kipande hicho kiliitwa "baada ya utumwa".

"Bon," alisema, akiwa bado amevaa koti. "Ninabeba ile."

Alikwenda maktaba, akaazima kitabu kinene cha Kifaransa, akakisoma kwa mwezi mzima huku akiwalisha wazee supu. Jumatatu moja, saluni za Galerie d'Ixelles zilipokuwa zimefungwa, alikusanya kikundi chake ndani ya saluni ya rafiki yake kule Matonge, mtaa wa Waafrika, wakakaa kwenye viti vya kukaushia nywele, na akawapa mifupa.

"Utumwa inaisha mu mille huit cent soixante-cinq," alisema, yaani 1865. "Bantu beusi banapata uhuru. Banaahidiwa mashamba. Mwaka haiishe, mashamba inarudia kwa ba-patron ba zamani."

"Banaanza vizuri," alisema Bienaimé, ambaye hufanya kazi dirishani, akipokea karatasi za watu, katika manispaa moja aliyoniomba nisiitaje.

"Ngoja kwanza. Kisha ba-blancs ba Nord banatuma jeshi ku Sud juu ya kulinda bantu. Banaume beusi banapiga kura. Banachaguliwa. Muntu mwenye alikuwa mutumwa, leo ni Honorable, eko mu Bunge, na kofia. Banaiita Ujenzi Mpya. Banajenga masomo, batoto banasoma. Miaka kumi na mbili, hivi. Alafu mu mwaka 1876 uchaguzi inachafuka, kila upande unasema ni shiye tulishinda. Bakubwa banaingia mu hôtel moja ya Washington, banapatana: mwiye mutachukua présidence, shiye mutatutolea jeshi. Jeshi inatoka. Honorable anabaki yeye peke na ba-patron. Anatoka pa kiti. Fin."

"Fin?" aliuliza Tharcisse, kutoka kwenye kiti cha mwisho. "Na kisha?"

"Kisha kitabu ilipaswa kurudia ku maktaba."

Guylain, ambaye angekuwa Mheshimiwa, alipata kazi Antwerpen wiki mbili kabla ya mchezo. Maman Yolande alipekua kikundi kizima kutafuta mtu mwenye suti ya vipande vitatu inayoweza kupita kwa karne ya kumi na tisa. Suti hiyo alikuwa nayo mmoja tu. Alioa nayo.

Mkataba ulifanyika mbele ya mashahidi, saluni humo humo.

"Papa Tharcisse, unisikie vizuri. Utasema dakika tano pa kuchaguliwa. Dakika mbili pa kuagana. Jeshi inatoka, Bienaimé anakuambia toka, unachukua kofia, unatoka. Ukifanya vile, kuanzia mwaka kesho weye ni muntu wa kusema. Ukinichezea, unarudia mu sanduku, na sitakuondoa mule tena mpaka ile ya kweli."

"Maman Yolande, niko muntu wa kusema mingi, miye?"

Mashahidi waligeuza nyuso. Hata vikaushio vya nywele vilionekana kutazama pembeni.

Wiki mbili zilizofuata, Tharcisse alikuwa mbunge wa Karolina Kusini kuanzia kiamsha kinywa. Alimtaka mkewe, Graciella, amwite Honorable, na Graciella hakuwa na ubishi.

"Honorable, sac blanc ya takataka iko inakungoja pa mulango."

"Raia, leo ni siku ya sac bleu, ya plastiki."

"Ni ya yote mbili, Honorable. Na soksi zako zinakungoja mu salon, sawa vile bapiga kura."

Hospitalini alijaribu hotuba zake kwenye korido ndefu ya ghorofa ya kwanza, ambayo ina mwangwi. Aliahidi shule. Aliahidi barabara. Bibi mmoja wa Kiflemi, aliyekuwa akipelekwa kupigwa picha ya nyonga, alimwambia kwamba hajaelewa chochote ila angempa kura. Jioni hiyo Tharcisse hakulala vizuri kwa furaha. Alikuwa na nafasi moja, na aliijua. Kila asubuhi alijipima kwa saa ya simu: dakika tano kamili, kofia, kutoka. Aliweza. Graciella ni shahidi. Aliweza mara kumi na moja mfululizo, jikoni.

Jumapili yenyewe ukumbi wa parokia ulijaa. Waliukodi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja kamili, kwa sababu saa kumi na moja huingia darasa la zumba, na mwalimu wa zumba ni mwanamke asiyejadiliana na mtu. Mchezo ulikuwa wa dakika arobaini na tano. Ulianza saa tisa na dakika arobaini, jambo ambalo kwa Wakatanga ni kuwahi.

Nilikaa safu ya tatu. Kushoto kwangu alikaa Graciella, aliyevaa kama mke wa mbunge, kwa hiari yake mwenyewe. Kulia kwangu alikaa Maman Rukiya, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Bujumbura, aliyekuja kwa kuwa Tharcisse aliwahi kumsukuma kwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho na alitaka kusikia mwisho wa habari za yule dada wa nne.

Sehemu ya kwanza ilikwenda sawa. Uhuru ulitangazwa, watu wakacheza, wakaahidiwa mashamba, na Bienaimé, aliyekuwa tajiri wa pamba mwenye kofia ya majani na fimbo, akaja kuyachukua mashamba yake tena.

"Sawa shamba ya mujomba yangu ku Likasi!" alipaza sauti mtu wa nyuma.

"Alirudishiwa?" Bienaimé alimuuliza kutoka jukwaani.

"Bado!"

"Basi weye unajua mambo inaendaka namna gani."

Kisha Tharcisse akachaguliwa. Aliingia na suti yake ya harusi, iliyombana kifuani lakini akaivaa kama medali, akaketi kwenye kiti cha mbao kilichowekwa katikati ya jukwaa. Mlangoni alisimama Hervé, mwenye kofia ya skauti na ufagio begani. Hervé alikuwa Jeshi la Kaskazini, lote.

"Bandugu," alisema Tharcisse. Akasikiliza sauti yake ikifika mwisho wa ukumbi na kurudi.

Niseme kweli: alikuwa mzuri. Watu wote tuliokuwa tumejiandaa kucheka tulijikuta tumeinamia mbele. Aliwaambia kwamba jana alikuwa akihesabiwa pamoja na nyumbu na majembe, na leo nyumbu hamjui tena. Aliahidi shule katika kila kata. Aliahidi kwamba mtoto wa mwosha vyombo na mtoto wa mwenye vyombo watasoma ubao mmoja. Dakika tano zikaisha. Akaahidi reli. Akaahidi hospitali, na kwa kuwa hospitali anazijua, akaahidi sheria kwamba mgonjwa yeyote aliyeachwa kwenye korido aambiwe na mtu mwenye beji atakaa pale muda gani. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Akaahidi vizingiti vya lifti visawazishwe. Akaahidi magurudumu. Kando ya pazia niliona mikono ya Maman Yolande ikionyesha vidole vitano, kisha kumi, kisha ngumi.

Saa kumi na dakika ishirini Hervé alitazama saa yake. Hervé ni dereva wa tramu na zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi na moja kasoro kumi. Kwenye mifupa ya hadithi, jeshi lilipaswa kuondoka baada ya mapatano ya hotelini. Lakini mapatano hayakuwa yamefikiwa, uchaguzi wa 1876 haukuwa hata umefanyika, na tramu haisubiri historia. Hervé aliweka ufagio begani, akapanda jukwaani, akapiga saluti.

"Honorable, jeshi inarudia Nord."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Bantu bananingojea."

"Na shiye?"

"Mubakie na Mungu, Honorable."

Akatoka kwa mlango uliokuwa wazi, na tukamsikia akikimbia barabarani.

Bienaimé aliona nafasi. Alikuwa amesimama na fimbo ile kwa nusu saa na goti lilikuwa linamsumbua. Akapanda, akagonga sakafu.

"Alors, Honorable. Jeshi imetoka. Muda wako umeisha. Toka pa kiti."

Hapa ndipo Tharcisse alipotakiwa kuchukua kofia. Aliichukua. Aliivaa. Aliinuka kidogo, sentimita kumi hivi, na Graciella akanishika mkono. Kisha Tharcisse akatazama kiti, akatazama ukumbi, akatazama kiti tena, akaketi.

"Sitoke," alisema.

Ukumbi uliruka juu kama uwanja wa mpira.

"Tu es fou, una kichaa?" Bienaimé alinong'ona. Kisha kwa sauti ya tajiri: "Unasema nini?"

"Nilichaguliwa na bantu. Bantu beko hapa. Ubaulize kama banataka nitoke."

"Asitoke!" walipaza sauti. "Honorable, ukae!"

"Papa Bienaimé, weye njo utoke!"

Graciella alifunika uso kwa viganja. "Anarudia mu sanduku," alisema taratibu. "Mungu wangu, anarudia mu sanduku."

Maman Yolande hakuweza kufanya lolote. Sheria ni sheria. Bienaimé alibaki peke yake na mbunge asiyetaka kuondoka na wapigakura themanini waliokuwa upande wa mbunge, na mtu aliyebaki peke yake hurudi kwenye kile anachokijua. Bienaimé alivuta meza ya parokia iliyokuwa pembeni, akaketi nyuma yake, akageuza kibao cha "Kimya tafadhali" kilichokuwa juu yake upande usio na maandishi, kama kibao cha dirishani kazini.

"Très bien," alisema. "Munataka kupiga kura? Mupange mustari. Kila muntu mwenye kupiga kura anafanya mutihani. Ni sheria mupya."

Sheria hiyo ilikuwepo kweli. Majimbo ya Kusini yaliitunga ili watu weusi washindwe kupiga kura bila kuandikwa popote kwamba wanakatazwa, ingawa ilianza kuenea miaka ya tisini ya karne ile. Bienaimé aliirudisha nyuma kama miaka kumi na mitatu kwa sababu alihitaji kuketi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Maman Rukiya.

"Jina?"

"Unalijua. Ulinunua kitenge kwangu."

"Jina, Maman."

"Rukiya."

"Kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa, original, chini ya mwezi tatu. Composition de ménage, ya kuonyesha unalala na nani mu nyumba. Na karatasi ya mwenye nyumba, na sahihi."

Bienaimé aliegemea nyuma na kukunja mikono, kwa kuwa katika Karolina Kusini ya mwaka ule mtu angeishia hapo. Lakini alisahau alikuwa akiigiza mbele ya nani. Maman Rukiya aliinua mkoba, akaufungua, akatoa farde, lile jalada la plastiki ambalo hakuna mhamiaji wa Brussels anayetoka nyumbani bila hilo, hata akienda kununua mkate. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa. Original. Mlikuwa na composition de ménage ya Jumanne iliyopita. Mlikuwa na karatasi ya mwenye nyumba, nakala tatu, na kadi ya chanjo ya mbwa ambaye alishakufa.

"Na hii?" alisema Maman Rukiya, akiongeza karatasi moja juu. "Huwa munaiomba mwisho, mtu akishafika mlangoni. Nimekuletea kabisa."

Watu walilia kwa kucheka. Nyuma yake mstari ulikuwa umeshapangwa mpaka mlangoni, na kila mtu mstarini alikuwa na farde yake kifuani kama ngao.

Bienaimé alipangusa uso. "Bon. Swali ya akili. Ngazi ngapi ziko mu mnara wa kanisa hii?"

"Soixante-douze, sabini na mbili," alijibu Maman Rukiya bila kupepesa.

"Nani alikuambia?"

"Weye unajua ni ngapi?"

"Non."

"Basi ni soixante-douze."

Alipiga kura. Yule aliyefuata alipiga kura. Walipiga kura watu ishirini na sita, wengine kwa Tharcisse, wengine dhidi ya Bienaimé, mmoja kwa Graciella. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Kwenye mlango wa nyuma walikuwa wameanza kuingia wanawake wa zumba, na mikeka yao kwapani, na mwalimu wao mbele, akitazama saa ya ukutani.

Bienaimé si mtu mbaya, lakini ni mwigizaji, na alikuwa anashindwa. Alisimama. Aliacha fimbo mezani. Alizungumza polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu wa dirishani.

"Nimeandika majina," alisema. "Yote. Maman Rukiya, nyumba unalala ni ya nani? Yangu. Shamba unalima, yangu. Mbegu, yangu. Duka mwenye unakopa chumvi, ni ya ndugu yangu. Hakuna shida. Umepiga kura, ni haki yako. Tutaonana lundi asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Hivyo ndivyo ilivyofanyika, mara nyingi zaidi kuliko kwa mitihani: mwenye ardhi alijua nani kapiga kura, na Jumatatu familia ilikuwa barabarani na vyombo vyake, na pale ambapo hilo halikutosha walikuja watu na bunduki. Mstari ulianza kukatika. Wa mwisho alikaa, kisha wa kabla yake. Walikuwa wakiigiza, lakini walikaa kama watu wasioigiza. Maman Rukiya alirudisha karatasi zake moja moja, akaketi kando yangu, akasema, kwa hasira ya kweli, "Huyo bwana hataingia dukani kwangu tena."

Tharcisse aliona yote hayo kutoka kitini. Wapigakura wake themanini walikuwa wanaangalia viatu.

Ndipo Maman Yolande alipoingia jukwaani, na koti lake la kazini, akiwa serikali ya Washington.

"Honorable," alisema. "Tumepatana na bakubwa, mu hôtel. Jeshi hairudie tena. Inabidi utoke."

"Mulipatana na nani?"

"Bale na bale."

"Miye nilikuwa fasi gani?"

"Haukuitwa."

Maman Yolande alisogea, akainama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaivunja sheria, lakini kwa kunong'ona tu: "Papa Tharcisse, banamuke ba zumba beko nyuma. Ninakuomba. Utoke vizuri na miye nitatimiza neno yangu."

Sote wa safu za mbele tulisikia. Kwa hiyo sote tulijua alikuwa anachagua nini: hatua kumi na mbili kwa miguu yake hadi pazia, na angekuwa msemaji maisha yake yote yaliyobaki. Nilimwona akipima. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kitu mkononi na anaambiwa akiangushe ili apewe hicho hicho.

"Maman Washington," alisema kwa sauti, "niko ninaelewa. Nitatoka. Mais si na miguu yangu. Juu kama ninatoka na miguu yangu, kesho mutaandika mu kitabu kwamba nilichoka. Kwamba bantu beusi balijaribu kutawala, bakashindwa, bakarudia kwabo. Non. Munibebe. Kila muntu aone kama nilibebwa."

Akakamata mikono ya kiti.

Tharcisse ana kilo tisini na nne bila suti. Bienaimé alishika nyuma, Maman Yolande mbele, na kiti hakikuinuka. Walijaribu tena. Saa ya ukutani ilifika kumi na moja. Mwalimu wa zumba alitua mkeka wake, akapita katikati ya ukumbi, akakunja mikono ya jezi, akashika mguu mmoja wa kiti, na wanafunzi wake watatu wakashika mingine. Kiti kikapaa. Mheshimiwa alipita juu ya vichwa vyetu na kofia yake, akiwa ameanza tena kusema: shule, reli, korido, magurudumu. Alisema akipita mlangoni, ambako iliwabidi wamwinamishe. Alisema kwenye ngazi. Watazamaji wote walisimama na kumfuata, kwa sababu mchezo ulikuwa unaendelea nje na ndani hakukuwa na kitu ila muziki wa zumba.

Walimtua kwenye kituo cha tramu. Watu waliokuwa wakisubiri pale walimsogelea, wakadhani ni uchaguzi. Dakika chache baadaye tramu ilitokea kwenye kona, na kwenye kiti cha dereva alikuwa Hervé, bila kofia ya skauti.

"Jeshi!" alipaza sauti Tharcisse, akiinua mikono. "Jeshi ya Nord!"

Hervé alitazama umati, akatazama ratiba yake. Hapakuwa na aliyebonyeza kengele ndani, na huko nje wote walikuwa wamegeukia kiti, hakuna aliyeinua mkono kama abiria. Jeshi la Kaskazini liligonga kengele mara mbili na kupita bila kusimama.

Hapo ndipo Maman Yolande alipoketi chini, kwenye ukingo wa barabara, na kucheka hadi akashika mbavu. Alipomaliza alifuta macho na mkono wa koti, na watu wakasogea karibu, kwa sababu kila mtu alijua kinachofuata ni hukumu. Graciella alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono begani mwa mumewe.

"Papa Tharcisse. Nilikuambia dakika saba. Umesema saa moja na nusu."

"Ni kweli, Maman."

"Ulitoka ile saa nilikuambia?"

"Sikutoka."

"Umechelewesha zumba."

"Ni kweli."

Maman Yolande alimtazama Bienaimé, ambaye alikuwa akijaribu kumweleza Maman Rukiya kwamba yeye si tajiri wa pamba. Alitazama watu. Walikuwa bado wote pale, hakuna aliyeenda nyumbani.

"Ile ya kubebwa," alisema mwishoni, "haikukuwa mu mifupa."

"Haikukuwa."

"Ilipaswa kukuwa." Alinyanyuka, akajipangusa. "Mwaka kesho tunaendelea. Bantu beusi banakimbia Sud, banapanda train, banaenda kutafuta kazi ku Chicago, maelfu na maelfu. Utakuwa mu train. Utasema. Phrase deux, sentensi mbili."

"Kumi."

"Trois. Tatu tu."

"Maman Yolande," alisema Graciella, "umupe kumi, ama zenye zinabakia ataniambia miye."

"Cinq, tano. Na niko muzuri."

Tharcisse aliinuka kitini kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, mwaka 1870, akavua kofia, akampa mkono. Walishikana mikono. Watu wakapiga makofi. Alikuwa mtu wa kusema. Alitabasamu karibu dakika nzima, kisha uso wake ukabadilika, ukawa na mawazo.

"Maman Yolande, kutoka Karolina mpaka ku Chicago, mu train, bantu balikuwa banafanya masaa ngapi?"

Maman Yolande alikuwa ameshashika kiti ili kukirudisha ukumbini. Alikitua tena chini.

"Papa Tharcisse," alisema, "weye utapandia pa kituo ya mwisho."